Hali Njema, Nyonga Mbovu

Sherehe ya kuniaga ilichelewa kuanza kwa sababu mgeni rasmi alikuwa anamuaga mtu mwingine kwenye ofisi nyingine. Alipofika alilikosea jina langu, akanisifu kwa utumishi wangu uliotukuka katika kitengo cha macho, kisha akakaa kula biriani. Mimi nimefanya kazi na mifupa maisha yangu yote. Sijawahi kugusa jicho la mtu isipokuwa langu mwenyewe. Nilipiga makofi pamoja na wengine, kwani biriani lilikuwa zuri.

Basi kwa kuwa hotuba ile haikuwa yangu, nimeona niandike yangu mwenyewe, niwaachie nyinyi mnaobaki pale wodi ya mifupa. Vyeo sitavitaja; mnajua vinavyopatikana na nani huvipata. Nitawasimulia kazi, na hasa ile sajili ya taifa ya nyonga na magoti ya bandia, ambayo mnaijaza kila siku huku mnanung'unika. Mna haki ya kunung'unika, ila mnanung'unikia kishikwambi kinachokwama, na kishikwambi si tatizo.

Mimi ni Mwanaidi wa Nguvumali, hapa Tanga, binti wa seremala. Siku ya kwanza nilipoingizwa kwenye chumba cha upasuaji wa mifupa nilidhani nimekosea mlango. Juu ya meza kulikuwa na nyundo, patasi, misumeno, keekee ya kutobolea, na skurubu zimepangwa kwenye trei. Vitu vile nilivijua kabla sijajua kusoma, ila sikuwahi kuviona vimechemshwa na kufungwa kwenye kitambaa cha kijani. Msimamizi wa chumba alikuwa Sista Agata, Mbondei wa Muheza, mfupi, mkali, asiyecheka kabla ya saa nne. Akainyanyua ile patasi akaniuliza, "Hii unaiitaje?"

"Patasi, Sista."

"Hapa inaitwa kwa jina la Mzungu aliyeiiba kwa seremala. Ulishike hilo jina, madaktari wasije wakadhani hujasoma."

Sista Agata ndiye aliyenifundisha kumkabidhi daktari nyundo kwa upande wa mpini, na kutomtazama usoni anapopiga, maana wengine hufanya makosa wakitazamwa. Alinifundisha kuhesabu vitambaa vya kufutia damu kabla kidonda hakijafungwa, hata daktari awe na haraka vipi. Kuna siku mmoja alimwambia, "Sista, funga bwana, nina harusi." Akasimama kati yake na mgonjwa, mikono kifuani, akamwambia harusi itangoja. Kitambaa kilichopungua kilikutwa kimenata chini ya kiatu cha daktari mwenyewe. Akaenda harusini kimya, na bila shaka huko alisimulia hadithi nyingine.

Zama zile mzee akiteleza uani akavunjika nyonga, hatukuwa na la maana la kumfanyia. Tulimning'iniza uzito mguuni, tukamlaza chali, tukawa tunamgeuza asipate vidonda, na vidonda akavipata. Baadaye jamaa walikuja na gari la kukodi wakamchukua akalale kwake mpaka siku yake ifike. Na walipokuwa wanambeba walitushukuru. Walitushika mikono, wakatuombea dua, wengine wakarudi na mafungu ya samaki. Nilikuwa naona haya kupokea. Nilijiambia watu hawa wana subira ya ajabu, wala sikujua kwamba subira hiyohiyo itakuja kunitoa jasho.

Kisha alirudi Dakta Kihiyo kutoka masomoni. Huyu ni fundi, nalisema bila kinyongo, ingawa anapenda sifa kuliko chakula. Ndiye aliyeanza kuweka nyonga za bandia hapa kwetu. Kwa asiyejua, nyonga ni kichwa cha mfupa wa paja kinachozunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno. Kikivunjika au kikalika, daktari anakikata, anapigilia chuma chenye kichwa kipya ndani ya paja, na kikombe kipya kiunoni. Mgonjwa anasimama kesho yake. Mara ya kwanza nilipoona bibi kizee aliyeletwa kwa machela akisimama na magongo mawili nililia, na Sista Agata, aliyekuwa karibu kustaafu, akaniambia nikalilie nje kwa sababu nachafua hewa ya wodi.

Mmoja wa waliosimama hivyo ni Bi Mize. Ni mzaliwa wa Pemba aliyeolewa Moa, huko karibu na mpaka, akabaki hukohuko mpaka akawa mjane. Kazi yake ni kusuka mikeka ya ukili. Aliwekewa nyonga ya kushoto, akaondoka na magongo yake, na akamwombea dua Dakta ndefu kiasi kwamba wagonjwa waliokuwa foleni walianza kuitikia amina kwa kukata tamaa.

Mwaka huohuo ndipo ilipokuja sajili.

Wazo lenyewe la sajili ni zuri, nalisema kabla sijaanza kutukana. Nyonga za bandia zina aina nyingi, na kila moja ina namba yake. Hospitali moja ikiwa na mgonjwa anayechechemea, itasema ni bahati mbaya au mgonjwa kakaidi masharti. Lakini wote waliowekewa wakiandikwa mahali pamoja nchi nzima, na kila mmoja akafuatiliwa miaka nenda rudi, itaonekana kwamba wanaochechemea wana nyonga ya aina moja, na aina hiyo itaachwa kabla haijaharibu watu zaidi. Nilipoelezwa hivyo semina ya kwanza nilifurahi kweli. Nilikaa kiti cha mbele.

Waliotufundisha ni vijana waliovaa fulana zenye nembo, kila mmoja akiwa na maji yake ya chupa. Walitugawia vishikwambi, na baadhi viliwaka. Tulielekezwa kubandua kile kibandiko chenye namba kilichopo kwenye boksi la nyonga, kimoja tukibandike kwenye faili la mgonjwa, kingine tukipige picha kiende makao makuu. Kazi ya kitoto, mtasema. Nimewaona madaktari wenye shahada ndefu wakiandika mguu wa kulia kuwa kushoto kwa sababu mgonjwa kawaelekea. Mmoja alinitetea jambo hilo kwa hoja, akasema inategemea umesimama wapi. Nikamwambia mguu wa mtu hauhami daktari akihama.

Lakini hayo yalirekebishika. Kilichokuja kutuumiza ni simu.

Utaratibu ulikuwa hivi: mgonjwa akishatoka, hatuulizi sisi tena habari zake. Anapigiwa na karani wa makao makuu, ili hospitali zisije zikajisifia uongo. Hoja ya maana kabisa, sina neno nayo. Karani alikuwa na maswali yake yamepangwa. Je, unaweza kuvaa soksi bila msaada? Mvaa soksi wa Moa ni yupi, sijui. Je, unapanda ngazi? Ngazi pekee aliyoijua Bi Mize ni ya kuchumia karafuu alipokuwa mtoto Pemba. Je, unaingia na kutoka ndani ya gari bila shida? Bodaboda haikutajwa, ingawa ndiyo gari la huko. Mwisho kabisa lilikuja swali kubwa: kwa jumla hali ya nyonga yako ikoje? Karani alitakiwa kubonyeza bora kabisa, nzuri, ya wastani, au mbaya.

Sasa nyinyi mliozaliwa pwani mmeshacheka. Hapa kwetu ukiulizwa hali unajibu njema. Mwenye homa anajibu njema. Aliyefiwa jana anajibu njema, alhamdulillahi. Kisha mnaulizana watu wa nyumbani, watoto, majirani, na mvua, mpaka salamu ziishe zote, na hapo ndipo mgonjwa anasema kwa sauti ya chini, "Hatujambo, ila..." Hiyo "ila" ndiyo habari yenyewe. Yote ya kabla yake ni heshima tu. Na vijana wa makao makuu walikuwa wanakata simu kabla "ila" haijafika.

Nilikuja kumuuliza mmoja wao kwa nini kila aliyesema alhamdulillahi aliandikwa bora kabisa. Akanijibu kwa mshangao wa kweli, "Mama, mtu kamshukuru Mungu, mimi nimbonyezee wastani?"

Kwa njia hiyo Tanga tuliongoza nchi nzima. Huko bara watu walikuwa wanaulizwa wanasema goti linauma, nyonga inakaza, sijalala, njooni mnichukue. Sisi kutwa alhamdulillahi. Tukaletewa cheti chenye fremu, Dakta Kihiyo akakitundika ukutani mkabala na mlango wa chumba chake, kila anayeingia akione kabla hajamwona yeye. Na makao makuu, kwa kuona nyonga ya aina ile tuliyokuwa tunaitumia inafanya maajabu Tanga, wakaagiza nyingine za aina ileile.

Siku moja nilikwenda Moa kwenye msiba wa upande wa mama. Alasiri ilipoingia, wanawake tuliokuwa ndani tukapanga safu tuswali. Pembeni, ameegemea ukuta, alikuwa Bi Mize, miguu kainyoosha mbele, anaswali kwa kukaa. Hakukaa kwenye kiti wala kupiga magoti, aliswali kama aswalivyo mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani. Huyu aliyeandikwa bora kabisa mara zote alizopigiwa. Sikumbuki nilisoma sura gani katika rakaa zile, Mungu anisamehe.

Nilimfuata baada ya swala. "Shikamoo Bi Mize."

"Marahaba mwanangu, hujambo? Watu wa Nguvumali hawajambo? Dakta hajambo?"

"Hatujambo. Bi Mize, mbona unaswali umekaa?"

Akatazama kando. "Mguu hautaki kunibeba."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka juzi. Ndani mnagonga, ko, ko, kama mchi kwenye kinu kitupu."

"Na ulipopigiwa simu ukasema njema!"

"Kwani waliniuliza maradhi? Waliniuliza hali." Alinitazama kama mimi ndiye niliyechanganyikiwa. "Mtu kakupigia toka mbali akujulie hali, wewe umwanzie maradhi? Mie sikulelewa hivyo, Mwanaidi."

"Na kliniki? Dakta hakukuuliza?"

"Aliniuliza hujambo, nikamwambia sijambo. Akaniambia vizuri sana bibi, akamwita mwengine."

Nilirudi Tanga nina hasira hata njaa sikuisikia. Niliwakasirikia wale vijana, nikamkasirikia Dakta, na nikamkasirikia Bi Mize pia. Nilipomweleza Dakta Kihiyo, kwanza alikasirika yeye. Akanionyesha cheti. Akasema sajili haiwezi kukosea kiasi hicho, labda bibi anatafuta huruma. Bi Mize, anayeficha hata njaa! Nikamwambia ampige picha ya eksirei halafu tuongee.

Tukampiga picha. Kikombe kilikuwa kimeinama, kimeachana na mfupa, na mfupa wenyewe ulikuwa umeanza kulika kukizunguka. Dakta aliisogeza picha kwenye mwanga, akaufuata kwa kidole ule mfupa uliolika. Alipoongea hakutaja cheti tena. Alisema, "Ikikaa hivi, mfupa utakwisha, na mfupa ukiisha sina pa kushikizia kitu. Hatasimama tena." Kisha akaniuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kama wapo wengine. Nikamwambia anajua jibu lake.

Ili kumrudia Bi Mize kwa upasuaji wa pili ilitakiwa nyonga ya namna nyingine, kubwa, yenye chuma kirefu. Hizo hazikai hospitalini kwetu. Zinakaa bohari ya makao makuu, na hutolewa kwa mgonjwa ambaye sajili inaonyesha nyonga yake imeharibika. Tukaomba. Jibu likarudi kwamba kwa mujibu wa sajili mgonjwa ameridhika, hivyo ombi halina msingi. Tukataka kutuma picha ya eksirei. Mfumo ukakataa, kwa kuwa sehemu ya kuweka picha haifunguki mpaka hali ya mgonjwa iwe "mbaya". Nani anaweza kubadili hali ya mgonjwa? Karani wa simu peke yake. Kwa kumuuliza nani? Mgonjwa.

Nimeona upumbavu mwingi katika utumishi wangu, lakini ule ulikuwa umekamilika, hauna hata upenyo wa kuingiza kidole. Mfupa wa mama wa watu unalika, mtaalamu anauona, na kinachohitajika ni yeye mwenyewe kuvunja adabu kwa simu.

Nikamchukua Bi Mize nikamleta kwangu Nguvumali. Tukapanga apigiwe upya. Nilimfundisha kama anayekwenda mtihani. "Wakikuuliza nyonga ikoje, sema mbaya. Neno moja tu. Mbaya." Akaitikia, "Haya." Simu ilipoita nikaiweka sauti kubwa, nikakaa naye bega kwa bega.

"Hallo, naongea na Mize Hamadi?"

"Ndiye mie. Marahaba mwanangu." Kijana hakuwa ameamkia, alikuwa anakumbushwa.

"Aa, shikamoo mama. Napiga kutoka sajili ya taifa. Samahani kwa usumbufu. Hali ya nyonga yako ikoje?"

Nikamfinya.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mize.

Nikamfinya tena, kwa nguvu.

"Kwa hiyo niandike bora kabisa?"

"Andika upendavyo, mwanangu. Mungu akupe umri."

"Asante sana mama." Akakata.

Nilitoka uani nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu. Niliporudi nilimkuta anasugua mkono pale nilipomfinya.

"Bi Mize, tulikubaliana nini?"

"Tulikubaliana. Lakini kijana ana sauti nzuri, kaniomba na samahani. Nimtupie maradhi usoni, hata hatujaulizana wa nyumbani?"

"Hiyo adabu yako itakuondolea mguu. Dakta kasema hutasimama tena, unasikia? Utaswali umekaa mpaka ufe."

Nilisema kwa ukali, na sijutii, kwa sababu ilikuwa kweli. Akaanza kulia, machozi tu, bila sauti. "Mie n'naogopa, Mwanaidi. Dakta alin'toa kitandani. Nikitangaza chuma chake kibovu, si n'takuwa nimemlipa ubaya?"

Nilikuwa nimemwona mkaidi, kumbe alikuwa anamlinda Dakta Kihiyo, ambaye kwa wakati huo alikuwa chumbani kwake anashindwa kuutazama ukuta wake.

Kikao cha mtandaoni cha sajili kilipofuata niliomba nafasi. Nikawaeleza kwamba pwani swali la hali halifai, na nikapendekeza lingine: "Unaswali vipi? Umesimama au umekaa?" Nikaeleza kuwa mtu wa kwetu atakwambia hajambo huku anakata roho, lakini hawezi kusema anaswali amesimama ikiwa anakaa, kwa sababu hapo hazungumzi na karani. Mratibu, bwana mwenye tai hata nyumbani kwake, akasema sajili ya taifa haina dini.

"Basi Wakristo waulizeni kama wanapiga magoti kanisani," nikamwambia. "Na asiyekuwa na dini mwulizeni anachuchumaa vipi chooni. Choo ni cha madhehebu yote."

Kuna waliocheka. Nikazimiwa sauti. Mwisho wa kikao walisema hoja ya Tanga imepokelewa, na nyinyi mnajua kitu kikishapokelewa huwa kimekwenda wapi.

Kilichotusaidia ni majivuno yao. Makao makuu waliamua kuja Tanga kutengeneza filamu fupi ya kuonyesha mkoa bingwa. Wakaomba mgonjwa mmoja wa mfano, mwenye alama za juu tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyetakiwa kumchagua. Nikamchagua Bi Mize.

Walikuja Mratibu, mpiga picha, na mwenyekiti wa bodi ya hospitali yetu, alhaji mtu mzima wa mjini hapa. Bi Mize akakalishwa kwenye kiti chumbani kwa Dakta, amevaa kanga mpya, amepakwa wanja. Mratibu akainama mbele ya kamera, akamuuliza kwa tabasamu, "Hujambo mama? Nyonga yetu inasemaje?"

"Sijambo, alhamdulillahi."

Mratibu akageukia kamera. Kabla hajafumbua mdomo nikauliza kwa nguvu kutoka mlangoni, "Bi Mize, adhuhuri ya leo umeiswali vipi?"

Alinitazama kama niliyemvua kanga mbele za watu. Chumba kizima kilimsubiri. Alhaji alikuwa ameinua uso. Bi Mize akafunga macho, na akajibu mbele yao wote, polepole, "Nimekaa."

"Na alfajiri?"

"Nimekaa. Zote nakaa. Tangu mvua za mwaka juzi." Kisha akamgeukia Dakta. "Nisamehe, baba. Chuma kinagonga. Kinaniuma usiku na mchana, nimechoka."

Dakta Kihiyo akasimama. Akakitoa kile cheti ukutani, akakiweka chini, na kwenye msumari uleule akaitundika ile picha ya eksirei. "Anisamehe yeye," akasema. Mratibu akamwambia mpiga picha azime. Alhaji akamwambia asizime. Akauliza nani katika chumba kile aliyekuwa anajua jambo hili na alikuwa analifanyia nini, na Mratibu akaanza kueleza habari ya mfumo na sehemu isiyofunguka. Alhaji alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Basi hicho chuma kije kwanza. Mfumo utakuja nyuma yake."

Kilikuja upesi kuliko nilivyowahi kuona kitu cha serikali kikisafiri. Na aina ile ya zamani ikafungiwa kabatini. Tukatumwa wauguzi majumbani kuwatazama wengine waliowekewa, Pangani mpaka Mwera, na huku juu mpaka mpakani. Tulikaa mikekani, tukamaliza salamu zote, tukangoja "ila". Wapo tuliowakuta wazima kabisa wanachota maji. Wapo tuliowakuta wanaswali wamekaa, na kila mmoja wao alikuwa bora kabisa.

Msidhani walijifunza. Swali langu wamelitia kwenye mfumo, mtalikuta ukurasa wa mwisho. Kamati iliketi ikalisafisha. Sasa linasema: "Je, mgonjwa anashiriki shughuli za kiimani? Ndiyo au Hapana." Nionyesheni mtu mmoja kutoka Moa hadi Pangani atakayejibu hapana. Ndiyo maana nawaambia, lijazeni kwa kuwa mmeamriwa, halafu mfunge kishikwambi mumuulize mtu anavyosimama.

Siku ya kumrudia Bi Mize nilimwomba Dakta niwe mezani mwenyewe, ingawa umri wangu ulikuwa umeshafika wa kupangiwa kazi za kukaa. Alipofika kwenye kikombe hakuhitaji patasi. Alikishika kwa vidole viwili kikazunguka, kikatoka. Akakiweka kwenye trei yangu. Mfupa uliobaki ulitosha, kwa shida. Akafanya kazi polepole siku ile, hakusimulia kitu, hakuomba redio, na nilipomwambia asubiri nihesabu vitambaa alisubiri.

Nikastaafu. Simu ya kumjulia hali Bi Mize sikuipiga, maana nilijua atanijibu nini. Mguu ulipotimiza muda aliosema Dakta, nikapanda basi, nikashuka barabarani, nikachukua bodaboda mpaka Moa. Njia nzima nilikuwa na hofu, naliandika kama lilivyokuwa. Fundi anaweza kufanya kila kitu sawasawa na mfupa ukakataa.

Mlango wake ulikuwa wazi, na ukili umetandazwa ukumbini. Nilipiga hodi sikujibiwa, nikachungulia. Alikuwa kwenye mswala wake, nyuma yake kuna kiti cha kukalia wakati wa sijida, kwa amri ya Dakta. Nikarudi nyuma nikangoja kizingitini na viatu mkononi. Akatoa salamu kulia na kushoto, akageuka, akaniona. Nikafumbua mdomo nimwamkie.

"Nasimama," akasema, hata shikamoo yangu haijatoka.